Msaada wa sheria wa bure kwa wanawake Dar es Salaam: nenda, ila nenda na karatasi zako

Mimi ni katibu wa kikoba cha kina mama huku Mbagala. Ninaandika hisa, mikopo, marejesho, faini za wachelewaji na mfuko wa jamii. Kwa sababu ya daftari hilo nimekuwa nikiitwa kuwasindikiza wanakikundi kwenye vituo vya wanasheria wanawake, na kila nikirudi kuna mtu ananivuta pembeni kuniuliza: vituo vile ni vya kweli? Wanasaidia, au wanakuzungusha hadi unachoka? Nimeona nijibu kwa urefu, kwa sababu anayeuliza swali hilo mara nyingi ana shida nyumbani kwake na hawezi kuuliza zaidi ya hapo.

Huduma ni ya kweli na ni nzuri, na ningependa itumiwe na wengi zaidi. Wengi wanakwenda wakitegemea kupewa wakili atakayesimama mbele ya hakimu awasemee, wao wakae kimya. Kwa baadhi ya kesi wanafanya hivyo. Kwa walio wengi wanachokupa ni kingine: wanakaa na wewe mpaka kazi uliyoifanya miaka yote bila kuiandika inageuka kuwa ushahidi, halafu unakwenda kusimama mwenyewe ukijua unachosema. Nimekiona kikifanyika na kwangu mimi hicho kina thamani kuliko wakili wa kukusemea.

Kwa wasiowafahamu, wanasheria wanawake wa Tanzania walianzisha chama chao, TAWLA, mwaka 1989, na msaada wa sheria kwa wanawake wasio na uwezo ni moja ya kazi zake kuu hadi leo. Kuna pia WLAC, Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, ambacho nacho ni cha siku nyingi. Zanzibar wana ZAFELA. Kenya wana FIDA, iliyoanza mwaka 1985, mwaka ule ule Nairobi ilipopokea mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake. Kwa hiyo si jambo la jana na si la mradi mmoja. Kituo nilichokwenda na mwenzangu wa kikoba safari ninayoisimulia hapa sitakitaja jina. Nina ya kukisifu na nina ya kukilalamikia, na nisingependa malalamiko ya mtu mmoja yamzuie mwanamke mwingine kupiga hodi pale.

Mwenzangu ameniruhusu niandike, bila jina. Asubuhi anauza uji na vitumbua, jioni samaki wa kukaanga. Mume fundi magari. Walianza maisha kwenye chumba kimoja cha kupanga, wakanunua kiwanja Chamazi, wakajenga polepole kama tunavyojenga sote, mwaka huu msingi, mwaka mwingine kuta, bati baada ya muda. Hati ya mauziano ya kiwanja ina jina la mume peke yake, na shahidi ni mjumbe. Mume akahamia kwa mwanamke mwingine, baadaye akaanza kuleta watu wa kuiangalia nyumba. Shemeji zake walipoitwa kusuluhisha wakamuuliza swali ambalo kina mama wengi wamewahi kuulizwa: "Wewe uliletaga nini humu ndani?"

Alinyamaza. Mtu aliyekaanga samaki miaka yote ile hakuwa na jibu.

Kabla hajaja kwangu alikuwa ameshapita kwa kishoka, mtu anayejifanya wakili. Mnawafahamu: meza chini ya mti karibu na mahakama, mashine ya kuchapa, mhuri ambao hujui umetoka wapi. Alimchukulia fedha, akamwandikia karatasi moja inayoomba "talaka na nusu ya mali zote", bila kutaja mali yoyote, bila tarehe, bila kitu. Masjala wakaikataa hapo hapo, maana haikuwa na fomu ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, shauri la talaka lipite kwanza kwenye baraza, na baraza lithibitishe kwa maandishi kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kishoka hakumwambia hilo. Alichukua hela ya vitumbua vya wiki nzima kwa karatasi isiyopokelewa popote.

Sasa kituoni. Unafika asubuhi, unaandikwa jina na namba, unakaa kwenye benchi. Unaulizwa unaishi wapi, unafanya kazi gani, unapata kiasi gani, watoto wangapi. Maswali ya kipato yanawakera wengi, ila yana sababu: msaada huu umewekewa sheria yake, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na ni kwa ajili ya wasio na uwezo wa kulipa wakili. Jibu kweli. Hakuna anayekuja kukagua jikoni kwako.

Tulipoitwa ndani tukamkuta wakili kijana, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Akasimama. "Shikamooni mama zangu, karibuni mkae." Akafunga mlango, akageuza simu yake kifudifudi mezani, akamwambia mwenzangu aanze popote anapotaka. Mwenzangu alianza mwisho, kwenye ule uchungu wa mwanamke mwingine, akarudi kwenye harusi, akaruka hadi kwenye ada za shule, akalia, akaendelea. Binti yule hakumkatisha. Aliandika maneno machache tu pembeni ya karatasi. Alipomaliza, ndipo binti akavuta karatasi nyingine, akachukua rula na kuichora safu nne: mwaka, kilichonunuliwa au kujengwa, fedha ilitoka wapi, nani anajua.

"Mama, tuanze na kiwanja. Mlinunua mwaka gani?"

Hakukumbuka mwaka. Alikumbuka kwamba mtoto wa pili alikuwa hajaanza kutambaa. Binti akauliza mtoto ana miaka mingapi, akahesabu, akaandika mwaka. Wakaenda hivyo hivyo, kitu kimoja kimoja, kwa kumbukumbu za mama, mwaka mtoto alipolazwa, mwaka mvua ilipobomoa choo. Hapo ndipo daftari langu lilipopata kazi. Nilikuwa nimelibeba kwa sababu tu mwenzangu aliniomba nilibebe. Binti akaomba alione, akafungua kurasa za mgao wa Desemba wa mwaka ule walipopandisha kuta. Jina la mwenzetu, hisa zake, kiasi alichopokea tulipovunja kikoba na kugawana akiba, sahihi yake, sahihi ya mweka hazina. Akamuuliza mwenzangu kama ana risiti yoyote ya duka la vifaa. Mwenzangu akafungua mfuko wa rambo, akatoa rundo la karatasi zilizofifia, nyingine hazisomeki tena. Moja ilisomeka. Saruji na nondo, tarehe ya wiki ile ile ya mgao.

Binti akaziweka daftari na risiti pamoja mezani, hakusema kitu kwa muda, akaandika. Halafu akauliza swali ambalo mimi nisingelifikiria: "Mafundi walipokuwa wanajenga, nani alikuwa anawapikia?"

Mwenzangu akashangaa. "Mimi. Nani mwingine?"

"Kila siku?"

"Kila siku. Asubuhi uji, mchana ugali. Nilikuwa nafunga biashara saa nne naenda site."

"Fundi mkuu bado yupo hai? Anaweza kuja kusema hivyo mahakamani?"

Yupo. Anaishi Mbande. Likaandikwa jina lake kwenye safu ya nne.

Akamwambia pia akachukue taarifa ya miamala kwenye kampuni ya simu, kwa sababu ada za shule na fedha za bati zilitumwa kwa simu, na miamala ile ina tarehe na majina. Akamwambia mwenyekiti wa mtaa anaweza kuandika barua kueleza amewafahamu tangu lini kama mume na mke. Vyote hivyo mwenzangu alikuwa navyo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni vitu.

Tukaelezwa na sheria yenyewe, kwa Kiswahili cha kawaida. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambayo mume na mke waliipata kwa juhudi zao za pamoja, na kinataja mchango wa fedha, wa mali na wa kazi. Kisha akatusimulia shauri la Bi Hawa Mohamed, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Wengi tumewahi kusikia nusu ya kwanza ya habari hiyo: mahakama ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Binti akatupa na nusu ya pili. Bi Hawa mwenyewe hakutoka na kitu katika ile nyumba, kwa sababu ilionekana mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara naye akazitumia vibaya, na hilo likafuta haki yake. Kanuni aliyoipigania ikabaki kwa ajili ya wengine. Alitufungulia kwenye simu yake kupitia TanzLII, maktaba ya hukumu na sheria za Tanzania iliyoko mtandaoni, ambayo mtu yeyote anaisoma bila kulipa. Hukumu imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo alikuwa akisoma mstari na kutueleza.

"Ndiyo maana nawasumbua na tarehe," akasema. "Hakimu akishakubali kwamba ulifanya kazi, anauliza kiasi gani. Hapo anataka ushahidi. Na jina kwenye hati ni la baba, kwa hiyo sheria inaanza kwa kudhani ni mali yake mpaka mama uoneshe vinginevyo."

Nilipenda kwamba hakutuficha sehemu mbaya. Kishoka alimwahidi nusu. Huyu alimwambia, mama, sikuahidi asilimia, nakuahidi kwamba ukifika mbele ya hakimu hautakosa la kusema.

Maombi ya talaka yalipoandikwa, alisomewa yote kwa sauti, aya kwa aya, kabla ya kutia sahihi. Pale mwenzangu alipokuwa amesema "alikuwa ananitesa sana", binti alikata mstari. Akaeleza kwa upole kwamba hakimu anasoma neno hilo kwenye kila shauri, akamwomba aseme alimfanyia nini, lini, wapi, na nani aliona. Haikuwa rahisi. Kuna jambo mwenzangu alilisema pale ambalo mimi, rafiki yake wa miaka yote hii, nilikuwa silijui. Likaandikwa kwa maneno yake mwenyewe, sentensi mbili, na tarehe. Nimesoma maombi yale baadaye na ninaweza kusema hakuna sentensi ndani yake iliyopambwa.

Jambo la haraka lilikuwa wale wanunuzi. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kiwanja chao hakijapimwa, hakina hati ya wizarani ambayo mtu angeweza kuiwekea pingamizi, na mauzo ya viwanja vya aina hiyo hupitia serikali ya mtaa. Basi barua ikaandikwa kwa mwenyekiti wa mtaa siku ile ile, ikigongwa mhuri wa kituo, kumjulisha kwamba nyumba ina mgogoro wa ndoa na mke hajaridhia kuuzwa. Tukaipeleka wenyewe, tukasainiwa nakala. Baadaye likaombwa zuio la muda mahakamani. Lakini ile barua ndiyo iliyomwokoa, kwa sababu mwenyekiti alikataa kushuhudia mauzo.

Sasa malalamiko yangu, na sitayapunguza makali.

La kwanza ni faragha. Ndani ya chumba cha wakili mlango unafungwa, lakini kabla ya hapo kuna meza ya mapokezi, na pale unaulizwa shida yako wenzako wakiwa kwenye benchi hatua mbili nyuma yako. Mwanamke aliyekuwa mbele yetu aliulizwa kama amepigwa. Akaangalia nyuma, akasema hapana, na sote tuliona shingo yake. Maswali ya namna hiyo hayana haja ya kuulizwa mapokezi. Jina na namba vinatosha, mengine yasubiri mlango ufungwe.

La pili, kubadilishwa wakili. Yule binti niliyemsifu aliondoka shauri likiwa katikati. Wengi wao ni vijana wanaojitolea au walio kwenye mkataba wa mradi, na mradi ukiisha nao wanakwenda kutafuta riziki kwingine. Siwalaumu. Lakini aliyempokea alianza upya: mama hebu nieleze, ilikuwaje. Mwenzangu akasimulia tena yote, pamoja na lile jambo la sentensi mbili, wakati limeandikwa kwenye faili lililokuwa juu ya meza. Kusoma faili kabla ya kumwita mteja hakuhitaji mfadhili.

La tatu ni simu. Namba wanayokupa inaita hadi inakata. Kwa mtu wa Mbagala anayefunga biashara ili apande daladala mbili, kufika na kuambiwa wakili yuko mahakamani Kisutu leo ni hasara ya siku nzima, na siku nzima kwa muuza uji ni chakula cha watoto.

La nne nitalifikia.

Kwa upande wa hao wanasheria wenyewe, maana nao ni wanawake na wanahitaji kusemewa. Binti alitueleza kwamba amepita chuo kikuu, akapita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, akaapishwa kuwa wakili, na bado ofisi nyingi za mawakili alizopeleka barua hazikumjibu. Pale kituoni amepata walimu. Niliona kwa macho: alipokwama kuhusu shamba la mume lililoko kijijini kwao, alitoka, akamfuata wakili mwandamizi chumba cha pili, akarudi na jibu na kitabu mkononi. Mama yule mwandamizi akaja mwenyewe mlangoni kutusalimia na kuongeza neno moja kuhusu shamba la urithi na shamba la kununuliwa. Kuna makabati ya vitabu vya sheria, kuna mafunzo ya ndani, kuna mtu wa kumuuliza bila kuonekana mjinga. Kwa wakili mwanamke anayeanza, sidhani ni rahisi kupata shule ya namna hiyo kwingine, na wateja kama mwenzangu ndio wanaonufaika nayo. Ninachoomba kwa vyama hivi, na kwa serikali iliyoanza kupita mikoani na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia mwaka 2023, ni kwamba nauli na posho ya hawa mabinti isitegemee mradi wa miaka miwili. Kampeni inapiga hema, watu wanasikilizwa, vizuri sana. Kesi ya ndoa inaendelea baada ya hema kung'olewa, na inahitaji mtu yule yule.

Shauri lilifunguliwa Temeke, kwenye Kituo Jumuishi kinachoshughulikia mirathi na ndoa. Wiki moja kabla ya mwenzangu kutoa ushahidi, kituo kilimwita kwa mazoezi. Wakili mpya (huyu huyu niliyemlalamikia hapo juu, na hapa alifanya kazi nzuri kweli) alijifanya upande wa mume. Akamkalia kiti cha mbele, akamuuliza kwa ukali: wewe si ulikuwa unauza vitumbua tu, faida ya vitumbua inajenga nyumba? Mwenzangu mara ya kwanza akatetemeka na kuanza kumtukana mume. Akasimamishwa. Akaambiwa: usimjibu yeye, mjibu hakimu, na jibu kilichoulizwa. Wakarudia mpaka jibu likatoka lenyewe: "Mheshimiwa, mwaka ule nilipokea mgao wa kikoba, na kitabu ninacho."

Mahakamani ndilo swali aliloulizwa, karibu kwa maneno yale yale. Niliitwa kutoa ushahidi kuhusu daftari, nikaeleza mgao unavyogawiwa na sahihi ni za nani. Fundi wa Mbande akaja kusema alikula uji wa nani. Mume alikuwa na wakili wa kulipa, mwenzangu alisimama peke yake na bahasha yake, na sikuona kwamba amepungukiwa. Hukumu ilivunja ndoa na kumpa sehemu yake katika nyumba. Si nusu. Lakini ni sehemu iliyoandikwa, yenye sababu zilizotajwa, na daftari letu limetajwa ndani yake.

Hapa ndipo lalamiko la nne. Hukumu haijilipi. Inatakiwa kukazwa, yaani mahakama imlazimishe aliyeshindwa kutekeleza, na kukaza hukumu ni safari nyingine ya maombi, mthamini wa nyumba, wito usiopokelewa, mdaiwa anayesema hana. Kituo kilimsaidia hadi hukumu na kumpongeza, halafu pakawa kimya kidogo. Alipouliza, aliandikiwa maombi, ni kweli, lakini ilibidi aulize. Ningependa siku hukumu inaposomwa mteja aondoke tayari na tarehe ya kurudi kwa ajili ya kukaza. Wanawake wengi wanachukua nakala ya hukumu, wanaiweka kabatini, wanadhani imekwisha.

Sasa, nani aende. Mwenye shida ya mali ya ndoa, matunzo ya watoto, mirathi ambayo ndugu wa marehemu wameishikilia, ardhi, aende. Aliyeishi na mwanamume miaka miwili au zaidi bila ndoa rasmi, watu wakiwajua kama mume na mke, naye aende, maana kifungu cha 160 kinaweza kumchukulia kuwa ni mke mpaka ithibitishwe vinginevyo, na wengi wanadhulumiwa kwa kuamini hawana haki yoyote. Aliyepigwa leo asianzie kituoni. Aanze polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, achukue PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, aende hospitali, kituo kitakuja baada ya hapo na kitahitaji hizo karatasi. Na mwenye mgogoro mkubwa wa biashara au kampuni na ana uwezo, atafute wakili wa kulipa, awaachie benchi wasio na uwezo.

Beba cheti cha ndoa kama kipo, au majina ya walioshuhudia kama hakipo. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya mauziano au picha yake uliyoipiga kwa simu, risiti hata zilizofifia, kitabu cha kikoba, barua ya serikali ya mtaa, na fomu ya baraza kama umeshapita. Usingoje vikamilike, wakili atakwambia kinachokosekana. Kikundini kwetu tumebadilisha utaratibu: kila mwanachama anapewa nakala ya ukurasa wake wa mgao, yenye sahihi zote na mhuri, na anaiweka mahali anapopajua yeye.

Huduma yenyewe ni bure. Ukiombwa fedha ya fomu au ya "kuharakisha faili", uliza risiti na jina la anayeomba, kisha mwone msimamizi wa kituo. Nauli, fotokopi na siku ya biashara unazibeba mwenyewe. Sisi tulizilipa kwenye mfuko wa jamii wa kikoba, na wanachama waliupitisha bila mjadala.